Mstari wa Shahidi

Elvestad, Wisconsin
12 Januari 2003

Dada Verna,

Keti kwanza. Umeketi? Haya. Mdogo wako huyu, uliyemfundisha tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu hajisifu, Jumatatu alikwenda Harmon akaandikisha jina lake kugombea kiti cha bodi ya shule.

Joyce Ulness, karani wa uchaguzi, aliniangalia juu ya miwani yake akauliza, "Ardis, umekuja kulipia leseni ya mbwa?" Nikamwambia mbwa alikufa Oktoba, nimekuja kugombea. Akanitolea fomu, akasema, "Pole kwa mbwa."

Ningekupigia simu, lakini sikio langu la kulia limekufa kabisa na la kushoto linanung'unika. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Hali ilivyo ni hivi. Wajumbe wa bodi ni saba. Watatu wanataka shule yetu ya Elvestad ifungwe na watoto wapelekwe Harmon kwa basi, maili ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi, na theluji hii unayoijua. Watatu hawataki. Kiti cha saba kilikuwa cha marehemu Selmer, na sasa kiko wazi. Atakayekikalia ndiye atakayeamua. Lyle Fossum, yule muuza bima, alikuwa peke yake kwenye orodha, na anaongea kana kwamba funguo za shule zimeshakaa mfukoni mwake. Nilingoja mwanamume mmoja wa hapa ajitokeze. Wote walikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Nilipika katika jiko la shule ile miaka ishirini na saba, mpaka nikastaafu. Tangu Orrin aniache mjane, huko ndiko ninakokwenda kila siku saa tano, kuwasomea watoto wa darasa la kwanza hadithi kabla ya chakula chao. Wakiifunga shule ile, Verna, sijui asubuhi nitaamkia nini. Nakwambia wewe tu, maana mlangoni mwa watu siwezi kusema hivyo.

Sasa nakuomba. Hapo kijijini kwenu kwa nyumba za trela kuna watu kumi wa Elvestad waliokimbia baridi, bila kukuhesabu wewe. Kura ni Aprili mosi, na wao hawarudi mpaka theluji iyeyuke. Wote wamesoma pale au wamesomesha watoto pale. Wewe ulikaa kwenye meza ya kura miaka ishirini, hakuna anayejua karatasi zile kukuzidi. Wakusanye, wapige kura kwa posta, uwasimamie.

Nikishindwa, basi, nafunga nyumba nakuja kukaa na wewe huko Arizona, tucheze karata mpaka watutoe kwa machela.

Mdogo wako,
Ardis


Mesa, Arizona
21 Januari 2003

Mdogo wangu Ardis,

Nilicheka mpaka Bernice, jirani yangu, akaja kugonga mlango akidhani nimepatwa na kifafa. Ardis Brekke kwenye bodi! Wewe ambaye siku ya harusi yako ulijificha stoo watu wasikuimbie.

Sikiliza. Kuomba kura si kujisifu. Ukifika mlangoni kwa mtu, sema: "Nipigie kura." Ni maneno mawili tu. Usijifiche nyuma ya sahani ya biskuti. Nakujua, utakunywa kahawa vikombe vitatu, utauliza habari za mguu wa bibi, utaondoka bila kusema kilichokupeleka.

Hawa kumi niachie mimi. Tunacheza karata kila Alhamisi, wako mkononi mwangu. Alvin Skaar amesema yuko tayari kupiga kura mara mbili kama sheria inaruhusu. Nimemwambia sheria hairuhusu, na akiwa na miaka themanini na moja angekuwa ameshalisikia hilo.

Yale uliyoandika mwishoni nimeyasoma mara tatu. Chumba cha nyuma nimekitoa mashine ya kushonea. Kina dirisha la upande wa mashariki, jua linaingia asubuhi mpaka kitandani. Nasema tu.

Mwandiko usikushtue. Mkono wa kulia nimeutegua kidogo, si kitu.

Dada yako,
Verna


Elvestad
9 Machi 2003

Dada Verna,

Ulijuaje? Kwa Tollefson nilikaa saa nzima. Tuliongea habari za ng'ombe mwenye uvimbe wa kiwele, nikawaachia biskuti, nikavaa koti. Mkewe akanishika mkono mlangoni akaniuliza, "Ardis, kuna kitu ulitaka kusema?" Nikamjibu, "Hapana, nilikuwa napita tu." Nani anapita kwa Tollefson, kwenye njia isiyokwenda popote? Nilifika mpaka kwenye gari, nikarudi kwenye theluji inayonifika magotini, nikapiga kelele, "Nipigie kura!" Kisha nikakimbia kama mwizi. Nasikia hadi leo wanacheka, lakini watanipigia.

Lyle naye kanichokoza Jumapili baada ya ibada, kwenye kahawa katika ukumbi wa chini ya kanisa, mbele za watu. "Ardis, hiyo bajeti ya shule utaipika au utaioka?" Wanaume wakavunjika mbavu. Nikamwambia, "Lyle, ulikula mezani kwangu shuleni miaka sita na hujawahi kulalamika." Wanawake ndio waliocheka safari hii. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

Mchezo ni mgumu, lakini. Harmon wote ni wake. Huku kwetu wote ni wangu, ila sisi ni wachache. Nimekaa na orodha ya majina mpaka macho yakauma, na kila nikihesabu naona tofauti ni ya watu wachache sana. Hao kumi wako wanaweza kuwa ndio wenyewe.

Joyce anasema karatasi zimeshatumwa huko. Unajua sheria kuliko mimi: mwenye kura anatia sahihi juu ya bahasha, shahidi anatia sahihi yake kwenye mstari wa chini, na ikikosekana hiyo ya pili bahasha haifunguliwi kamwe. Mimi nisingekukumbusha, ila Joyce kanilazimisha.

Mashine ya kushonea irudishe mahali pake bwana, utaumia kiuno bure. Mkono umepona?

Mdogo wako,
Ardis


Mesa
20 Machi 2003

Mdogo wangu,

Yamekwisha. Walikuja kwangu Jumanne wote kumi, nikawapikia kahawa, tukakaa mezani. Alvin alivaa tai. Nilimwambia kura ya posta haikuoni shingo, akasema yeye hajawahi kupiga kura bila tai na hataanza sasa. Mimi sikuangalia karatasi ya mtu, lakini wao wenyewe walitangaza kwa sauti, na jina lilikuwa moja.

Shahidi wao ni mimi, wote. Bahasha nimezipeleka posta kwa mkono wangu mwenyewe. Zitafika mapema. Usiwe na wasiwasi.

Mashine ya kushonea sijairudisha.

Verna


Elvestad
3 Aprili 2003

Dada Verna,

Nimeshindwa. Lyle kapata 418, mimi 412.

Uchaguzi ulikuwa siku ya wajinga, na mjinga amepatikana. Jana asubuhi nilikwenda kwa Joyce nikamuuliza, hizi sita zimetoka wapi, maana hesabu yangu haikuwa hivi. Akafunga mlango wa ofisi. Akaniambia kuna bahasha kumi zimewekwa kando hazikufunguliwa, zote kutoka Mesa. Sahihi za wenyewe zipo. Mstari wa shahidi mtupu. Kumi zote, Verna.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia dada yangu ndiye aliyewashuhudia, na dada yangu aliwahi kumrudisha kasisi nyumbani kwa sababu amesahau kitambulisho. Joyce akasema, "Ndiyo maana nami nashangaa." Hakuna la kufanya, sheria ndiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na koti langu mwilini. Silii kwa ajili ya kiti. Kiti chenyewe nilikiogopa. Ila watoto wale wa darasa la kwanza wameanza kuniuliza mwakani tutasoma kitabu gani, nami nawaambia tutaona.

Uliumwa siku ile? Kuna mtu mwingine uliyemwachia kazi? Niambie ilikuwaje. Sikulaumu, nataka kujua tu.

Ardis


Mesa
9 Aprili 2003

Mdogo wangu Ardis,

Pole sana, pole tena. Nilisahau. Hakuna zaidi ya hapo. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kahawa ilifurika kwenye jiko, Alvin anatafuta miwani yake iliyokuwa puani. Uzee huu, mdogo wangu. Nimejilaumu mpaka nimechoka.

Lakini ulijitahidi, na hakuna atakayesema hukujitahidi. Sasa pumzika. Chumba kimepakwa rangi, Bernice amenisaidia. Ni njano hafifu, ile uliyokuwa ukiipenda jikoni kwa mama. Shule zikifungwa Juni, panda basi uje. Huna tena cha kukukalisha kwenye baridi hiyo. Andika tarehe, nitakuja kukupokea.

Dada yako akupendaye,
Verna


Elvestad
18 Aprili 2003

Dada Verna,

Nimeisoma barua yako pale dirishani, nikaiweka, nikaichukua tena. Pole ina mistari michache. Rangi ya chumba ina mingi.

Sasa nikueleze. Joyce hakuniambia kila kitu siku ile, aliona aibu. Bahasha za Mesa hazikuwa kumi, zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na moja ni yako. Yako imekamilika. Mstari wa shahidi umejazwa, Bernice Kolb, jina, anwani na tarehe, na tarehe ni ile ile Jumanne. Kwako hukusahau.

Bado nilikutetea. Nilijiambia labda Bernice alikuja baadaye akakukumbusha, na za wenzako zilikuwa zimeshakwenda posta. Unaona ninavyokutafutia mlango wa kutokea.

Jumatatu Alvin Skaar amerudi, wa kwanza wao. Alipita hapa hata mizigo hajashusha. Alisimama kwenye zulia la mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Ardis, nisamehe. Nasikia bahasha yangu ilikuwa na kosa. Sikumbuki nilikosea wapi." Nikamuuliza, Alvin, mstari wa chini, wa shahidi, mlifanyaje? Akasema, "Ule? Verna alituambia tumwachie. Alisema atajaza zote kwa pamoja, kwa utulivu, tukishaondoka."

Kwa utulivu. Basi hapakuwa na kelele wala kahawa ya kufurika. Ulikuwa peke yako na bahasha kumi na kalamu.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe ni dada yangu, umeninyonyesha kwa chupa mama alipolazwa, na hujawahi kunidanganya hata kuhusu kifo cha paka. Sema.

Ardis


Mesa
26 Aprili 2003

Ardis,

Ni kweli.

Walipoondoka nilizipanga bahasha mezani. Nilitia sahihi ya kwanza hewani, kalamu haikugusa karatasi. Nilikusudia, naapa nilikusudia. Kisha nikawaza: nikijaza hizi atashinda, akishinda atakaa pale mpaka afe, na mimi nitafia hapa nikiwa na Bernice, ambaye hata jina langu la ukoo hawezi kulitamka. Uliandika ukishindwa utakuja. Ni wewe uliyeandika. Mimi nilitoa mashine, ukaniambia niirudishe.

Mkono sikuutegua. Januari, wiki moja kabla barua yako ya kwanza kufika, nilianguka jikoni. Nililala sakafuni tangu kifungua kinywa mpaka saa tisa mchana, naona chini ya friji, nasikia watu wanapita nje na vigari vyao vya gofu wakisalimiana. Nililiita jina lako. Si la marehemu mume wangu, lako. Bernice ndiye aliyenikuta, alikuja kuazima mayai. Mkono ulivunjika mahali pawili. Sikukwambia kwa sababu ungenihurumia, na mimi ndiye mkubwa.

Nilizifunga hivyo hivyo, nikazipeleka posta. Njiani nilisimama mara mbili. Ya kwangu nilikuwa nimeshaikamilisha asubuhi na Bernice, na humo ndani nilikupigia wewe. Kura yangu uliipata, Ardis. Najua ni upuuzi kulisema hili, lakini nataka ujue.

Nikasema moyoni, ni shule tu, watoto watapanda basi, watazoea. Wewe nitakupata. Tangu siku ile silali vizuri.

Usiwaambie. Nakuomba kitu hicho kimoja. Kila kiangazi nakuja huko, ni watu wangu wote walio hai. Na chumba bado kipo. Ukija nitakuomba msamaha kwa magoti, nikiweza kupiga magoti.

Dada yako,
Verna


Elvestad
9 Juni 2003

Verna,

Wiki sita nimekaa na barua yako. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mama hakutulea hivyo. Nimechoma karatasi nne kwenye jiko.

Bodi ilipiga kura Mei kumi na mbili, nne kwa tatu. Lyle alinyoosha mkono huku akiangalia dari. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Waliniruhusu kupika, nikawapikia mipira ya nyama na viazi vya kuponda, watoto sitini na mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza alitaka niwasomee hadithi, nikafika ukurasa wa tatu nikashindwa, akamalizia yeye. Jumamosi lori lilikuja likachukua meza ndogo ndogo. Sasa madirisha yamepigwa mbao upande wa barabarani.

Umeniomba nisiwaambie. Ningekaa kimya, kwa ajili ya mama ningekaa kimya. Lakini wenzako kumi wamerudi wote, na kila mmoja amebeba lawama yake. Wanakuja mmoja mmoja kuniomba radhi. Kina Moen, mume na mke, hawasalimiani, kila mmoja anamwambia mwenzake wewe ndiye uliyeharibu. Na Jumapili iliyopita, kwenye kahawa, Alvin alisimama na tai yake akasema hatapiga kura tena maishani, kwamba kichwa chake kimekwisha, na kama shule imefungwa kwa sababu ya mzee asiyeweza kujaza bahasha basi bora akae nyumbani. Alikuwa analia, Verna. Alvin Skaar, aliyewazika wanawe wawili bila kutoa chozi mbele yetu.

Watu walikuwa wanaangalia vikombe vyao. Nikasimama. Nikasema, "Alvin, kichwa chako ni kizima. Wewe uliandika ulichotakiwa kuandika. Aliyetakiwa kuandika chini yako ndiye hakuandika, na hakusahau." Sikutaja jina. Halikuhitajika. Nilichagua kati yako na yeye, na nilijua ninachofanya. Hakuna aliyenisemesha habari hiyo tena, unajua watu wetu walivyo. Ila Alvin aliniletea samaki jana, na Jumanne hii anakwenda Harmon kuuliza kiti kijacho kinagombewa lini.

Sasa yako na yangu. Nimekasirika kwa sababu ya shule, nitakasirika mpaka naingia kaburini. Lakini siyo hiyo inayoniamsha. Ni ile sakafu. Ulilala pale tangu asubuhi, ukaliita jina langu, kisha ukachukua kalamu kwa mkono uliovunjika ukaniandikia kwamba si kitu. Ungeandika mstari mmoja. Ungesema, Ardis, nimeanguka, njoo. Ningetupa hayo makaratasi ya uchaguzi kwenye theluji, ningepanda basi siku hiyo hiyo, siku mbili za kukaa kwenye kiti, na ningekuja kukaa. Shule ningeiachia Mungu na kina Tollefson. Uliniona mtu wa kunasa, hukuniona mtu wa kuita. Hilo ndilo linaloniuma, na linaniuma sana.

Na yale niliyoyaandika, kwamba nikishindwa nafunga nyumba, yalikuwa maneno ya mdomoni. Watu wa huku husema hivyo kila msimu wa baridi, wewe mwenyewe ulisema hivyo miaka thelathini kabla hujaondoka. Ulijua. Ulitaka kuyaamini tu.

Kiangazi hiki usije. Mwakani sijui. Bernice nimemwandikia, nimemwomba akugongee kila asubuhi, na amekubali. Namba ya simu ya mjumbe wa kanisa hapo Mesa iko nyuma ya karatasi hii.

Ulitaka pasiwe na kitu cha kunikalisha hapa. Umefanikiwa, hakipo. Leo saa tano nilivaa koti langu la kutokea, nikafika hadi kwenye geti, nikakumbuka. Nikasimama pale nikiwaza ni nani nimwendee. Zamani ningesema nakwenda kwa dada yangu.

Ardis